Namna ya kumwita kaka kwa Kijapani bila kujiaibisha

Anza na "oniisan", neno la adabu la kaka mkubwa. Vuta hiyo "i": o-nii-san. Wiki yangu ya kwanza Osaka niliikata, na jiko zima la mgahawa wa tambi likaangua kicheko, maana "oni" ni zimwi. Nilikuwa namwita mtu Bwana Zimwi! Nyumbani watu hufupisha: "niisan", au "niichan" kwa mapenzi zaidi. Hata kijana usiyemjua barabarani waweza kumwita "oniisan".

Ila ukimtaja kaka yako wa damu mbele ya mtu baki, sema "ani" tu. Wa kwako humpambi heshima mbele ya wageni.

"Aniki" ndilo nilipendalo na kuliogopa. Wanaume humwita hivyo kaka yao, au rafiki aliyewazidi wanayemstahi. Lakini yakuza, wahalifu wa magenge ya Kijapani, nao huwaita hivyo wakubwa wao wa genge, kwa hiyo lina harufu ya ubabe. Subiri mzoeane kwanza. Mimi nililijaribu siku ya tatu kwa mpishi aliyenitangulia kazini. Akaweka kisu chini, akanitazama, akatamka polepole: "Senpai."

Hilo ndilo la kazini na shuleni, kwa yeyote aliyekutangulia, hata kama umemzidi umri. Libandike nyuma ya jina la ukoo ukitaka: Tanaka-senpai. Meneja wa mgahawa si senpai. Mwite kwa cheo, "tenchoo".

Wadogo zako? Jina tu linatosha.