Asilimia ya kila elementi kwenye kampaundi: kile kinukta si alama ya kuzidisha

Jumamosi mpwa wangu wa kidato cha tatu alinijia hapa nyumbani Lindi na daftari limefutwafutwa hadi karatasi imetoboka. "Mjomba, kalsiamu inanitokea asilimia 0.8, kitabu kinasema 23." Swali lilihusu jasi, lile jiwe jeupe linalochimbwa Kilwa, laini kiasi kwamba ukucha unalikwaruza. Fomula yake ni CaSO₄·2H₂O.

Hatua ya 1. Toa tungamo za atomu kwenye jedwali la elementi: Ca 40, S 32, O 16, H 1.

Hatua ya 2. Hesabu atomu, kwa penseli, kabla hujagusa kikokotoo. Hapa ndipo jioni yetu yote ilipoishia. Kijana alikuwa amepata CaSO₄ = 136 na maji = 36, sawasawa kabisa. Kisha akaona kinukta, akazidisha: 136 × 36 = 4,896. Ukigawa 40 kwa hiyo, ukazidisha kwa 100, lazima upate 0.8. Simlaumu, maana kwenye hesabu kinukta hicho kweli huzidisha. Kwenye kemia kisome "pamoja na": CaSO₄ pamoja na molekuli mbili za maji. Unajumlisha.

Ile 2 iliyo mbele ya H₂O nayo ina mtego wake. Inazidisha molekuli nzima, kwa hiyo ni H 4 na O 2. Wapo wanaoizidishia H peke yake, wanapata maji 20 badala ya 36. Mabano ni hivyo hivyo: kwenye chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂, ile 2 ya nje inahusu O na H, haimgusi Ca.

Halafu oksijeni ya jasi imekaa sehemu mbili, 4 upande wa salfeti na 2 kwenye maji. Zikusanye: 6. Mimi huchora safu tatu (elementi, idadi, tungamo) na sihami mpaka zijae:

Ca: 1 × 40 = 40
S: 1 × 32 = 32
O: 6 × 16 = 96
H: 4 × 1 = 4

Programu za simu zinazotoa jibu ukibandika tu fomula sizipendi. Chumba cha mtihani huingii na simu.

Hatua ya 3. Jumlisha: 172.

Hatua ya 4. Gawa kila moja kwa 172, zidisha kwa 100. Ca 23.26, S 18.60, O 55.81, H 2.33. Usikadirishe katikati ya njia, subiri jibu la mwisho. Wakikuuliza maji, chukua 36 ÷ 172, yaani 20.93. Mpwa alibisha: "Jiwe kavu hivi, mjomba?" Ndiyo. Lori la tani 10 za jasi safi limebeba tani 2 na ushee za maji, yamefungwa ndani ya fuwele, huyaoni mpaka uipashe moto.

Hatua ya 5. Jumlisha asilimia zote, zifike 100, au zipungue ama zizidi kwa nukta chache za kukadirisha. Zile za mpwa zilifika 3.5 tu, angejumlisha angeshtuka mapema. Ila usiuamini mno ukaguzi huu: aliyeandika maji 20 naye atapata 100 safi, kwa sababu amekosea juu na chini kwa pamoja. Kosa la kuhesabu atomu linakamatwa kwenye hatua ya 2 tu.

Cha kujipimia, nenda stoo kaangalie mfuko wa mbolea. Urea, CO(NH₂)₂: jumla 60, naitrojeni 28, sawa na 46.67. Mfuko umeandikwa 46, ndiyo asilimia ya naitrojeni. Sasa fanya SA (mbolea ya salfeti ya amonia), (NH₄)₂SO₄, mwenyewe. Mfuko wake unasema 21. Ukipata 10.6, umesahau ile 2 nje ya mabano ulipohesabu naitrojeni.