Somo: Kufunga jiko la peleti za mbao na kulitumia kwa usalama

Kila baridi inapokaribia naulizwa maswali yale yale kuhusu jiko hili la kupashia nyumba joto, linalochoma peleti, yaani vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, na mara nyingi muulizaji ameshatoboa ukuta. Nimeyaandika yote hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye somo hili. Vipimo vya kitabu kilichokuja na jiko lako vikitofautiana na vyangu, fuata vya kitabu. Na pale sheria inapodai fundi mwenye leseni, mwite.

Hatua ya 1. Chagua mahali karibu na ukuta wa nje, penye soketi yenye waya wa ardhi.

Hatua ya 2. Tandika chini kitu kisichoungua, kama vigae au bamba la chuma, kisha acha nafasi iliyoagizwa kati ya jiko na ukuta, mapazia na samani.

Hatua ya 3. Sawazisha jiko kwa pima maji.

Hatua ya 4. Funga bomba la moshi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata mikononi mwa mafundi waliozoea majiko ya kuni. Dohani ya jiko la kuni huvuta, kwa kuwa moshi wa moto hupanda wenyewe, na ufa mdogo kwenye kiungo kwa kawaida huingiza hewa tu. Jiko la peleti lina feni inayousukuma moshi ndani ya bomba jembamba, ambalo mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 80 au 100, na kwa hiyo penye upenyo wowote moshi hutokea chumbani. Tumia bomba lililotengenezwa kwa ajili ya majiko ya peleti, lenye gasketi (ukanda wa kuzuia uvujaji) kwenye kila kiungo au lililozibwa kwa silikoni inayostahimili joto kali. Weka kiungo cha T chenye kifuniko mahali bomba linapoanza kupanda, ili majivu yadondokee hapo na uweze kuyatoa. Punguza kona, kwa sababu kila kona huongeza kazi ya feni na hukusanya majivu. Usiliunganishe bomba hili na dohani inayotumiwa na jiko jingine, na usiutoe moshi chini ya dirisha.

Hatua ya 5. Hakikisha jiko linapata hewa ya kuwakia. Katika nyumba iliyozibwa vizuri, feni ya kutolea harufu za mapishi inaweza kushindana na jiko, kwa hiyo ni bora kuliletea jiko bomba lake la hewa kutoka nje.

Hatua ya 6. Funga king'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu inavyoleta hudhaniwa kuwa mafua. King'ora kikilia, wote watoke nje kwanza.

Hatua ya 7. Jaza tangi peleti kavu, funga mlango, bonyeza kitufe. Moto usiposhika, usibonyeze tena. Peleti zilizorundikana kwenye kikombe cha moto, yaani chombo kidogo ndani ya jiko ambamo peleti huungulia, hufuka na kujaza jiko gesi, ambayo ikishika kwa ghafla inaweza kupasua kioo. Subiri lipoe, safisha kikombe, na peleti ulizotoa usizirudishe kwenye tangi, kwa maana huenda zina cheche. Mafuta ya taa na petroli havihusiki hapa kwa namna yoyote.

Hatua ya 8. Zima kwa kitufe, wala usichomoe waya, ili feni imalize kutoa moshi. Majivu yakae nje katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina bomba jepesi la mashine ya kukaushia nguo. Linafaa?

Jibu: Halifai. Rudia hatua ya 4.

Swali: Lakini jirani analitumia na hajapata tatizo.

Jibu: Swali lako nimelijibu. La jirani sikuulizwa.

Swali: Samahani mwalimu, umeme ukikatika moto ukiwa unawaka, moshi unakwenda wapi?

Jibu: Umeuliza jambo la maana, ndugu yangu. Parafujo inayolisha peleti husimama, lakini zilizo kwenye kikombe huendelea kuungua bila feni. Ndiyo maana bomba linalopanda wima, hata mita moja na nusu, ni bora kuliko linalotoboa ukuta moja kwa moja: mpando huo huendelea kuuvuta moshi. Usifungue mlango wa jiko. Umeme ukikatika mara kwa mara, tafuta betri ya akiba inayokubaliwa na mtengenezaji.

Swali: Kioo changu kinakuwa cheusi haraka na mwali ni mvivu.

Jibu: Hewa haitoshi. Zibua matundu ya kikombe, kisha, jiko likiwa baridi, bana karatasi mlangoni na uivute; ikitoka kwa urahisi, gasketi imechoka.

Swali: Nitazijuaje peleti nzuri, na nizihifadhi wapi?

Jibu: Tia chache katika glasi ya maji: zilizoshindiliwa vizuri huzama. Unyevu wake usizidi asilimia 10, na zikilowa huvimba, zikawa unga na kuikwamisha parafujo. Inua magunia kutoka sakafuni. Anayehifadhi shehena kubwa katika chumba kilichofungwa ajue kwamba peleti zenyewe, bila kuwashwa, hutoa kaboni monoksaidi. Afungue chumba na kukipitisha hewa vya kutosha kabla ya kuingia.