Altezza AS200 au RS200: hatua za kuchagua kabla hujatuma pesa Japani

Altezza mbili zikiegeshwa bega kwa bega, wapita njia wengi hawatozitofautisha. Bodi ni ile ile, dashibodi yenye mita mfano wa saa ya mkononi ni ile ile, na tairi za nyuma ndizo zinazovuta. Toyota iliitoa gari hii 1998 ikaacha kuitengeneza 2005. Nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS200. Tofauti inayokula pesa iko chini ya boneti. AS200, toleo la kawaida, ina injini iitwayo 1G-FE ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. RS200, toleo la mbio, ina 3S-GE ya silinda nne, na kichwa chake Toyota ilikitengeneza pamoja na Yamaha.

Hatua ya 1: Soma mizunguko, si nguvu za farasi peke yake

Tangazo litakwambia 160 dhidi ya 210. Kweli, lakini 210 hizo za RS200 ya gia za mkono hupatikana injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Nguvu ya kuvuta, ile inayokusukuma mgongo kwenye kiti, ni Nm 216 kwenye mizunguko 6,400. AS200 ina Nm 200, inazitoa kwenye 4,400. Yaani tofauti ni Nm 16 tu, na RS200 inakuchelewesha mizunguko 2,000 kabla ya kukupa.

Kwa lugha ya barabarani: RS200 ya gia za mkono ikiwa gia ya pili kwenye mizunguko 6,400, spidi mita inasoma takriban 80. Gia ya tatu, karibu 118. Sasa jiulize ni wapi hapa Unguja, baina ya Amani na Darajani, utafika huko bila tuta, daladala au trafiki.

RS200 ya otomatiki ni kiumbe cha katikati. Ina nguvu 200, gia tano, na imelegezwa ili ivute mapema zaidi. AS200 ya otomatiki ina gia nne.

Hatua ya 2: Andika safari zako za wiki

Chukua karatasi. Upande mmoja weka kilomita za mjini, upande wa pili za shamba. Mtu anayekwenda kazini Malindi na kurudi Mwanakwerekwe, Paje akafika mara moja kwa mwezi, hana kazi na mizunguko 7,600. AS200 inamtosha, tena mlio wa silinda sita ni laini kuliko wa nne.

Pemba hesabu inabadilika kidogo. Njia za vilima na kona, kama Chake Chake kwenda Mkoani, ndiyo mahali gia sita za mkono zinapoleta raha ya kweli. Lakini raha hiyo iko kwenye gia kuliko kwenye injini, na AS200 ya gia za mkono nayo ina gia sita. Anayekaa Wete au Konde aongeze jambo jingine kwenye karatasi: spea ya 3S-GE isiyopatikana Mjini Unguja itatafutwa Kariakoo ya Dar, ikikosekana huko ni kuagiza Japani, na gari inasubiri juu ya mawe.

Hatua ya 3: Hakikisha unayouziwa ndiyo uliyoambiwa

Nembo ya RS200 hubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi. Soma namba ya chesisi: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Kisha fungua boneti uhesabu koili za plagi. Nne ni 3S-GE, sita ni 1G-FE. Muuzaji wa mtandaoni aombwe picha ya vitu hivyo viwili kabla ya mazungumzo ya bei. Namba ya chesisi na injini zikipingana, injini imehamishwa, muulize imesajiliwaje.

Hatua ya 4: Kagua injini ikiwa baridi

Hatua hii ni ya gari unayoweza kuifikia mwenyewe, na usiharakishwe. Mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike, na gusa boneti kwanza. Iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha moshi na kelele.

Mkanda wa taimingi: injini zote mbili zinatumia mkanda, si cheni, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Magari mengi ya Japani huwa na kibandiko kinachoonyesha ulibadilishwa lini. Kibandiko hakipo? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na uweke kwenye bei mkanda, tensheni, roli, sili na pampu ya maji, vyote kwa mara moja, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Ukikatika kwenye 3S-GE, pistoni zinagonga valvu.

Na valvu za RS200 ya gia za mkono ni za titani. Mafundi wetu wamezoea kusaga valvu kwa unga wa kusagia kila kichwa kinapofunguliwa. Hizi hazisagwi, maana ngozi ya juu iliyotiwa kiwandani ikitoka valvu inalika upesi. Swali la kwanza kwa muuzaji wa RS200 liwe: kichwa kiliwahi kufunguliwa, na nani?

Pima kompresheni. Injini ipate moto, toa plagi zote, chomoa soketi za nozeli na za koili, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata. Andika geji inavyosoma kwa kila silinda. Iliyo juu na iliyo chini zisipishane zaidi ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Silinda iliyo chini itilie kijiko kidogo cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, shaka iko kwenye valvu. Muuzaji akikataa kipimo hiki kwa RS200, aga kwa upole uondoke.

Injini ikitikisika gari ikiwa imesimama, au gari kuwa nzito kwenye mizunguko ya katikati, usikimbilie oveholi. Kuna valvu ya oili ya VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, yenye kichujio kidogo ambacho huziba kwa uchafu. 3S-GE inazo mbili, ya uingizaji na ya utoaji. Zifunguliwe zisafishwe kwanza.

Hatua ya 5: Petroli

3S-GE ya gia za mkono inabana kwa 11.5 kwa 1, nayo iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kanuni zao haishuki oktani 96. Soma namba iliyoandikwa kwenye pampu unayojazia. Oktani ikiwa chini, kompyuta ya injini inasikia mgongo wa petroli inayowaka vibaya ndani ya silinda na kurudisha nyuma taimingi, kwa hiyo farasi ulionunua wanafungwa bandani. 1G-FE ina mbano mdogo, 10 kwa 1, na haidekezwi hivyo. Petroli ya dumu kando ya njia, usitie kwenye RS200 hata ukiwa Makunduchi usiku.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Piga jeki, tochi mkononi. Chumvi ya bahari haiulizi toleo: angalia mabomba ya breki, mikono ya sespensheni, mahali pa kupigia jeki na mapezi ya rejeta. Bol jointi za chini mbele ndizo udhaifu unaojulikana wa bodi hii. Zisukume kwa mtaimbo. Zikicheza, zibadilishwe kabla ya safari yoyote ya shamba. Harufu ya ukungu chini ya zulia au tope ndani ya soketi za nyaya ni dalili ya gari iliyozama masika.

Hatua ya 7: Rimu

RS200 nyingi, hasa Z Edition, huja na tairi 215/45 za rimu ya 17. Ubavu wa tairi hiyo ni milimita 97 hivi. Rimu ya 16 yenye 205/55 inakupa 113, na kimo cha gurudumu kinapishana kwa asilimia 1 tu. Kwa njia zenye mawe ya matumbawe, vaa 16. Zilikuwa saizi ya kiwandani kwa RS200 za kawaida, kwa hiyo rimu haigusi breki. Zile za 17 weka stoo, mnunuzi wa baadaye atazitaka.

Hatua ya 8: Hesabu ya mwisho

Kwa ukubwa wa injini ushuru haukuamulii: AS200 ni cc 1,988, RS200 ni 1,998, zote chini ya 2,000. Anayekushawishi uchukue Altezza Gita AS300, ile ya stesheni wagoni ya lita tatu, ndiye anayekupandisha daraja la ushuru. Chukua bei ya RS200, toa ya AS200 yenye mwaka na kilomita zilizo karibu. Kinachobaki kilinganishe na gharama ya mkanda kamili, bol jointi mbili, tairi nne na oili ya kila kilomita 5,000 kwa mwaka. Kama ukinunua RS200 hutobakiwa na pesa hiyo mfukoni, agiza AS200 ya gia za mkono.