Jinsi ya Kujiandaa na Kukatwa kwa Tuzo ya Uchimbaji wa Bitcoin

Kila bloku ya Bitcoin, yaani fungu la miamala ya sarafu hiyo ya kidijitali, inapokamilika, mchimbaji aliyeikamilisha hupata sarafu mpya pamoja na ada za miamala iliyomo. Sarafu hizo mpya, ambazo ndizo tuzo, hukatwa nusu kila baada ya bloku 210,000, na jambo hilo limeshatokea mara nne: zilishuka kutoka 50 hadi 25 mnamo Novemba 2012, hadi 12.5 Julai 2016, hadi 6.25 Mei 2020 na hadi 3.125 Aprili 2024. Mkato unaofuata utafika kwenye bloku ya 1,050,000, na unatarajiwa mwaka 2028. Huna haja ya kusubiri tangazo la mtu yeyote. Chukua namba hiyo, toa namba ya bloku ya leo, gawanya kwa 144, ambao ndio wastani wa bloku za siku moja, nawe utapata siku zilizobaki. Bandika jibu lako ukutani, karibu na mita ya umeme, kwa sababu maandalizi yenye maana hufanyika kabla ya siku hiyo.

Kosa linalowaumiza wengi ni kudhani kwamba tuzo ikikatwa nusu, faida nayo itapungua nusu. Sivyo, kwa kuwa bili ya umeme hubaki palepale. Tuchukue mashine ya kuchimbia iitwayo Antminer S19, yenye kasi ya terahashi 95 kwa sekunde (terahashi moja ni majaribio trilioni moja ya kukisia jibu linalokamilisha bloku), ambayo hutumia takriban wati 3,250, yaani uniti 78 kwa siku. Gawanya uniti hizo kwa 95, na utaona kwamba kila terahashi inakula uniti 0.82 kwa siku. Ukinunua uniti moja kwa senti 5 za dola, terahashi hiyo inakugharimu senti 4.1. Sasa tuseme, kwa ajili ya hesabu tu na tukiziweka kando ada za miamala, kwamba terahashi moja inaingiza senti 10 kwa siku: unabaki na senti 5.9. Tuzo ikikatwa, zinaingia senti 5 na unabaki na senti 0.9. Faida yako imeshuka kwa takriban asilimia 85. Mwenye Antminer S21, ambayo hutoa terahashi 200 kwa wati 3,500, analipia senti 2.1 kwa kila terahashi, kwa hiyo anashuka kutoka senti 7.9 hadi 2.9 na bado anapumua. Ile S9 ya mwaka 2016 hula zaidi ya uniti 2.3 kwa terahashi, na kwa bei hiyo ya umeme ilikuwa imeshaingia hasara hata kabla ya mkato.

Fanya hesabu hii kwa kila aina ya mashine uliyonayo, ukitumia bei halisi unayolipa, pamoja na umeme wa feni za kupoza chumba. Usitumie bei uliyoahidiwa.

Ukishamaliza, anza na umeme kabla ya kufikiria mashine mpya. Wachimbaji wanaovuka salama ni wale wanaokaa mahali ambapo umeme unazalishwa lakini haupati mnunuzi. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji wa kituo chake cha Luviro, na nchini Kenya kampuni ya Gridless huweka mashine kwenye vituo vidogo vya umeme wa maji ili zinunue ziada ambayo wanakijiji hawajaimaliza. Mpango wa namna hii una uzito kuliko mashine yoyote mpya, nami naamini hapa ndipo Afrika Mashariki ina nafasi ya kweli.

Hatua inayofuata ni kuipunguzia mashine kasi. Mashine nyingi zikiendeshwa polepole hutumia uniti chache zaidi kwa kila terahashi, ingawa jumla ya terahashi hupungua. Jaribu kwa mashine moja tu: soma mita yake saa moja asubuhi, iendeshe kwa kasi ya chini siku tatu, isome tena saa ileile, kisha linganisha. Mashine zisizookolewa hata na njia hii ziuze miezi mingi kabla ya mkato, maana siku zikikaribia kila mtu huwa muuzaji. Wala usikope ili ununue mpya. Core Scientific, miongoni mwa wachimbaji wakubwa kabisa wa Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Desemba 2022 ikiwa imelemewa na madeni, na mwaka huo hapakuwa na mkato wowote.

Baada ya mkato, usikimbilie kufunga. Wenye gharama kubwa wanapozima mashine, bloku huchelewa, na mtandao hurekebisha kiwango cha ugumu wa kukamilisha bloku kila baada ya bloku 2,016, yaani takriban wiki mbili. Mwaka 2020 kiwango hicho kilishuka kwa takriban asilimia 6 mwezi Mei, kisha asilimia 9 mwanzoni mwa Juni, na waliobaki wakapata sarafu nyingi zaidi kwa umeme uleule. Kwa sababu hiyo, weka akiba ya fedha taslimu inayotosha umeme wa miezi miwili, na uipate kwa kuuza sehemu ya sarafu zako kila wiki tangu mapema, bila kungoja bei ipande.

Ada za miamala nazo zisikudanganye. Bloku ya 840,000, iliyofungua awamu ya 2024, ilikuwa na ada za zaidi ya bitcoin 37, mara kumi na zaidi ya tuzo yenyewe, lakini fujo hiyo ilipoa baada ya siku chache. Ziandike kama nyongeza, na bajeti isizitegemee.

Marekebisho ya pili ya ugumu yakishapita, rudia hesabu ya terahashi. Mashine ambayo bado haijilipii umeme izime siku hiyohiyo, kisha toa feni zake na kifaa cha kugawa umeme uvitunze kama vipuri vya zile zinazoendelea.