Jinsi ya kuomba paka mkubwa mwenye haya kutoka kituoni, kwa wakazi wa Tanga

Ukiingia kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama, vitoto vya paka ndivyo vitakavyokukimbilia. Nakuomba usiishie hapo. Mtazame yule wa kwenye kona aliyegeukia ukutani. Ana miaka minne au mitano, na kila mgeni humpita. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake.

Ruhusa kwanza. Kama umepanga Ngamiani, kwenye nyumba ya vyumba vingi na ua mmoja, anza na mwenye nyumba. Mwombe akuandikie ruhusa, hata mistari miwili. Zungumza na majirani pia, hasa wanaotega sumu ya panya, kwa sababu paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa. Jirani akihofia najisi, mkumbushe kwa upole ile hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazunguka watu majumbani.

Fomu. Nenda na kitambulisho cha taifa, na uulize mapema kama watataka barua ya serikali ya mtaa. Utaulizwa mnaishi wangapi, kuna watoto wa umri gani, nani atamlisha ukisafiri. Jibu kweli. Mara ya kwanza mimi niliandika kwamba nyumba yangu ni tulivu, nikawaficha watoto wanne wa dada yangu wanaoshinda kwangu. Paka yule nilimrudisha baada ya wiki mbili, akiwa na hofu kuliko alivyokuja. Jambo hilo bado linaniuma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, na saini yako kwenye ile fomu ina uzito.

Kabla ya kusaini uliza: amefungwa kizazi? Amechanjwa kichaa cha mbwa, na kadi yenye tarehe iko wapi? Amepewa dawa ya minyoo? Muhimu zaidi, ni mwenye haya au ni shume? Mwenye haya amewahi kuishi na watu, ila anawaogopa. Shume hakuwahi kuguswa, na chumba kwake ni kifungo. Omba ukae naye nusu saa, chini sakafuni, bila kumshika. Fumba macho na kuyafumbua polepole. Akikujibu vivyo hivyo, ameanza kukukubali. Rudi hata mara tatu kabla ya kuamua.

Chumba. Mtengee kimoja, na uvungu wa kitanda usiuzibe. Huko ndiko atakakoishi mwanzoni. Weka beseni pana la mchanga uliochekechwa au maranda ya seremala, mbali na chakula. Mjamzito asilisafishe, mtu mwingine afanye hivyo kila siku. Dagaa wachemshe bila chumvi wala kitunguu, na usimzoeshe samaki wabichi, kwani humpunguzia vitamini B1. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Panadol usimpe kamwe: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Siku ya kumchukua tumia tenga lenye mfuniko, lifunge vizuri, lifunike kanga. Panda bajaji, si bodaboda. Ukifika, fungua tenga chumbani, kisha utoke. Usimvute uvunguni, usiwaite wageni waje kumwona. Keti humo jioni, soma au kunja nguo, ongea kwa sauti ya chini. Lakini mchunguze kula kwake. Siku mbili zikipita bila kugusa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana paka akikaa na njaa siku chache ini lake linaweza kuharibika. Usimwache atoke nje ya nyumba kabla ya wiki tatu au nne. Atapotea akitafuta alikotoka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huendelea kila mwaka. Ulizia ofisi ya mifugo ya jiji kuanzia mwezi Septemba, kwani tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hufanyika wakati huo.

Paka wangu wa sasa alitoka uvunguni usiku wa 11 tangu nimlete. Nilikuwa nakunja nguo. Akanusa ncha ya kanga yangu, akarudi alikotoka. Asubuhi nilimpigia simu dada wa kituoni. "Usimfuate, dada yangu," akaniambia. "Leo usiku kunja nguo tena."