Jinsi ya kununua lenzi laini ya zamani mnadani bila kuuziwa ukungu

Ukutani mwa studio yangu hapa Ngara nimetundika picha mbili za mtu yule yule. Moja nilipiga kwa lenzi ya kisasa, kope zinahesabika. Nyingine nilipiga kwa Wollensak Verito, lenzi laini ya Marekani iliyoanza kuuzwa 1911. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu alizitazama zote mbili, akanyoosha kidole kwa ile ya Verito. "Mwanangu, mimi nipige na hii. Hiyo nyingine ina udaku mwingi."

Tangu siku hiyo wapiga picha wenzangu huniuliza nilipoipata. Niliipata mnadani mtandaoni, na kabla yake nilipoteza pesa. Ninavyofanya sasa ni hivi.

Kwanza, jua unachonunua

Lenzi laini haikosi fokasi. Nuru inayopita katikati ya kioo hukutana mahali pamoja, ile ya ukingoni hukutana mbele kidogo au nyuma kidogo. Ndiyo maana unapata picha kali, na juu yake utando wa nuru unaomwagika kutoka sehemu zinazong'aa. Ni kosa ambalo mafundi wa lenzi walijua kulirekebisha, lakini hawa waliliacha makusudi. Dallmeyer wa London alitoa lenzi ya namna hii 1866: ukiizungusha na kuilegeza sehemu ya nyuma, kosa linaongezeka kadiri utakavyo.

Tatizo ni kwamba uzee nao hulainisha picha. Kuvu, ukungu wa ndani na gundi iliyoachana pia huleta weupe fulani, na kwenye tangazo la mnada yote hayo huitwa ulaini. Kazi yako yote ni kutenganisha kosa la makusudi na kosa la uzee.

Hatua ya 1: Pima kamera yako kabla ya kutazama lenzi

Kama una kamera ndogo, tafuta Minolta Varisoft 85mm f/2.8 au Canon 135mm f/2.8 Softfocus ya 1987. Mwenye Mamiya RB67 ana 150mm SF. Leica Thambar 90mm f/2.2 ya 1935 itazame tu, kisha urudi kazini. Bei yake ni ya wakusanyaji.

Mimi natumia Speed Graphic ya filamu za inchi 4 kwa 5. Ina shata ya pazia (kifungio kinachoachia nuru ifike kwenye filamu) ndani ya mwili wake, kwa hiyo lenzi isiyo na shata inanifaa, na hizo ndizo za bei nafuu. Lakini ubao wake wa lenzi ni inchi 4 kwa 4 tu. Piga hesabu kwa kugawa urefu wa fokasi kwa namba ya f: Verito ya inchi 8¾ yenye f/4 inahitaji kioo cha inchi 2 na ushei. Ya inchi 14½ inahitaji zaidi ya inchi 3½, na bado hujaweka pete ya kuishikilia. Haiingii. Nimeona mtu akinunua hiyo kubwa kwa sababu ilikuwa rahisi, na sasa anaitumia kuzuia mlango.

Hatua ya 2: Orodhesha vilivyopaswa kuwemo kwenye boksi

Rodenstock Imagon ya Ujerumani, iliyotokana na kazi ya mpiga picha Heinrich Kühn, huja na visahani vyenye matundu kama chujio la chai. Visahani hivyo ndivyo vinavyopima ulaini, na ndivyo vinavyopotea kwanza. Thambar nayo huja na kichujio chenye doa katikati. Lenzi za shaba hukosa pete ya kuzifungia kwenye ubao. Kikikosekana kimoja, punguza dau lako, maana kukitafuta peke yake ni safari nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta kwa majina yaliyokosewa

Andika Verito, kisha andika Varito na Veritto. Andika Imagon, kisha Immagon. Anayesafisha nyumba ya marehemu babu yake hajui anachouza, na tangazo lenye jina lililokosewa hupata wazabuni wachache. Chungulia pia kwenye vifaa vya shaba vya kale. Na kwa bei, fungua sehemu ya vilivyokwisha kuuzwa. Bei wanayoitisha wauzaji ni ndoto zao tu.

Hatua ya 4: Omba picha ya tochi

Hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua Imagon 250mm iliyopigwa picha juu ya kitambaa chekundu, inang'aa kama kikombe cha ushindi. Sikuuliza swali hata moja. Ilipofika niliiinamisha dirishani nikaona ukingoni rangi za upinde wa mvua, kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi la Kirinyaga Road baada ya mvua. Imagon ni vioo viwili vilivyounganishwa kwa gundi, na gundi ilikuwa imeachana. Tena imeachana pembezoni, mahali hasa panapotoa utando wa nuru. Yaani kilichoharibika ndicho nilichokuwa nimekilipia. Hapa mjini bado sijampata fundi wa kuibandika upya.

Sasa humwandikia muuzaji mambo matatu kabla ya kutia dau:

Kwanza, aweke tochi ya simu nyuma ya lenzi, tundu (mlango wa nuru ndani ya lenzi) likiwa wazi kabisa, apige picha kutoka mbele kwa kuinamisha kidogo. Kuvu itaonekana kama utando wa buibui au mizizi. Ukungu utaonekana kama kioo cha bafuni. Mikwaruzo myembamba ya mbele isikutishe, hupunguza tu ukali wa weusi na weupe.

Pili, apige picha ya kioo cha nyuma. Wengi huonyesha mbele tu. Kioo cha nyuma ndicho kinachopata vidole na vitambaa vichafu.

Tatu, afungue na kufunga tundu kwenye video fupi. Majani ya tundu yakiwa na mafuta au yamekwama, utayaona.

Akikataa au akinyamaza, achana naye. Akisema yeye si mtaalamu wa kamera, mwambie tochi haihitaji utaalamu. Ukungu ulio juu ya vioo vinavyofunguka kwa kuzungusha husafishika mara nyingi, kwa hiyo huo nitaununua kwa bei ya chini. Gundi iliyoachana siigusi tena.

Wauzaji wa Japani hueleza kasoro kwa undani. Lakini wakiandika "janku", maana yake unakichukua kama kibovu na hakuna kurudisha.

Hatua ya 5: Hesabu hadi mlangoni kwako

Tuseme lenzi ni dola 300 na usafirishaji ni dola 45. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya vyote, siyo juu ya 300. Hapo tayari ni dola 55 na senti 20, kabla ya ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Mimi huzidisha jumla ya 345 kwa 1.4, na kama 483 haiwezekani, sitii dau. Chapisha risiti ya malipo uiweke. Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" kwenye kifurushi, utajichelewesha mwenyewe.

Kulipa, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha. Jambo moja zaidi: ukitumia wakala wa kupokea mzigo Marekani kisha akutumie huku, ulinzi wa mnunuzi wa eBay huishia kwenye anwani ya wakala. Kwa lenzi ya shaba ya zamani nalipa zaidi ili itumwe moja kwa moja.

Hatua ya 6: Dau moja, mwishoni

eBay hukupandishia yenyewe hadi kikomo ulichoweka. Ukiweka 300 na mwenzako kikomo chake ni 210, utalipa 212.50. Kwa hiyo hakuna faida ya kupandapanda siku nne kabla, unawaamsha wengine tu. Andika kikomo chako kwenye karatasi, kiwe namba ya ajabu kama 317.77, na ukitie sekunde nane za mwisho.

Minada ya California inayoisha saa 2 usiku huko huangukia saa 12 asubuhi kwetu, au saa 1 wakirudisha saa nyuma wakati wa baridi. Chaji simu na uwe na bando, kwa sababu stima hujua siku ya mnada. Kwenye Yahoo ya Japani mbinu hii haifanyi kazi sana: muuzaji akiruhusu, dau la dakika 5 za mwisho huongeza muda. Ile ya saa 4 usiku Tokyo ni saa 10 alasiri Nairobi, angalau umeamka.

Hatua ya 7: Ikifika

Kama haina pete, ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma. Wangu alinizungushia lenzi mkononi kwa muda mrefu.

"Kijana, haya meno si ya kawaida."

"Ni ya zamani, mzee."

"Basi uniachie lenzi yenyewe. Vipimo vya karatasi vitanidanganya."

Nilimwachia. Pete ikaingia bila kulazimishwa.

Ukijaribu lenzi, tafuta fokasi ukiwa na tundu lile lile utakalopigia. Lenzi hizi huhamisha fokasi unapofunga tundu, na wengi hulaumu kioo bure. Tumia nuru yenye nguvu ya upande, dirisha la saa 4 asubuhi linatosha. Siku ya mawingu picha hutoka kama uji. Verito ikiwa f/4 inamwaga nuru, kufikia f/8 imeshakuwa kali.

Kwenye yangu nimebandika kipande cha tepu nikaandika kwa kalamu: 4 kina mama wazee, 5.6 bibi harusi, 8 pasipoti.