Mbuzi Anahara, Nawe Umemfungia Maji?

Kuanzia Witu hadi Mokowe kule Lamu, na hata huku Langobaya upande wa Malindi, nakuta jambo lile lile. Mbuzi kalala pembeni mwa zizi, makamasi yamemkaukia puani, mkia umelowa kinyesi, na karai la maji limepinduliwa. Nikiuliza naambiwa, "Tumemnyima ili kuhara kukome." Jamani! Kuhara hakutoki kwenye karai. Kwa ugonjwa huu, sotoka ya mbuzi na kondoo, kirusi ndicho kilichochubua utando wa utumbo. Usipompa maji, yatakayotoka ni ya damu yake.

Na hayatoki peke yake. Yanaondoka na chumvi za mwili, yaani sodiamu, potasiamu na bikaboneti, na mbuzi akiishiwa na hizo miguu hulegea na moyo hupiga ovyo. Huku homa ya nyuzi 40 hadi 41 inachoma akiba, na kwa kuwa mdomo una vidonda hali kitu, mwili unaanza kujila nyama yake. Zinki na chuma navyo hupungua kwenye damu, lakini hapo mwili wenyewe umeviondoa na kuviweka kwenye ini ili kujikinga, kwa hiyo usikimbilie dukani kununua sindano ya chuma. Vitamini A ndiyo inayoisha kwa kasi, maana ndiyo inayohitajika kujenga upya utando wa utumbo na wa mapafu.

Sasa vipimo vya maji ya kumnywesha, na hapa sitaki mkono kukisia. Maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kiwe sawasawa, si cha mlima. Maji yawe ya mvua au ya jabia, lile tangi la kuhifadhi maji ya mvua. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi tayari. Ukiongeza nyingine, maji hayo yatavuta maji ya mwili kuingia utumboni na mbuzi atahara kuliko jana. Kama kisima chako ni cha chumvi, kaombe dumu kwa jirani mwenye jabia. Aibu ya kuomba ni nafuu kuliko bei ya mbuzi.

Mbuzi wa kilo 20 apate lita moja na nusu kwa siku, yaani mililita 250 (nusu ya chupa ndogo ya soda ya nusu lita) mara sita: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni na saa 3 usiku. Mwana mbuzi wa kilo 8 apewe mililita 100 kwa saa hizo hizo, na aendelee kunyonya. Mchanganyiko wa jana umwagwe. Mnyweshe polepole kupitia kona ya mdomo, kichwa kisipite usawa wa mgongo. Wanaomwinua shingo juu kama anayetazama ndege humjaza maji mapafuni, na mapafu hayo yanaugua tayari.

Chakula kiwe majani mabichi laini, kidogo kidogo. Ndiyo yenye vitamini A. Mahindi meupe hayana, na ukimrundikia baada ya siku za njaa tumbo litachacha.

Akianza kukojoa na kucheua, anarudi.

Dawa ya kuua kirusi hiki hakuna. Antibiotiki huzuia bakteria wanaovamia mapafu, na kipimo chake akuandikie daktari wa mifugo. Chanjo hutolewa mbuzi akitimiza miezi 4 na kinga yake hufika miaka 3. Usisubiri wa jirani wafe ndipo uulize. Aliyeugua atengwe siku hiyo hiyo, afisa wa mifugo apigiwe simu, na wale wenzake wanaoonekana wazima wasipelekwe mnadani kwa haraka ya kuokoa hela, maana wanaweza kuwa wamekibeba kirusi siku kadhaa kabla ya homa kupanda.